Mtoto Mzito wa Viungo Aingiapo Kidato cha Kwanza

Karibu katika kila darasa la shule ya msingi yumo mtoto mmoja au wawili ambao akili zao ni timamu, macho yao yanaona vizuri, misuli yao haina kasoro, lakini mikono na miguu yao haifuati kile wanachotaka kukifanya. Chai humwagika kabla haijafika mdomoni. Vifungo vya shati hukosea matundu. Kamba za viatu hufungwa na dada, au hazifungwi kabisa. Mpira ukirushwa, mikono hukutana ukiwa umeshapita. Daftari huonekana kama kuku amechakura juu yake, na chini ya ukurasa mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Mwandiko mbaya. Rudia." Nyumbani mtoto huyu huitwa mzito, shuleni huitwa goigoi, na baada ya miaka kadhaa yeye mwenyewe huanza kuamini kwamba hayo ndiyo majina yake.

Wataalamu wa afya huiita hali hii tatizo la ukuaji wa uratibu wa viungo. Jina jingine linalosikika sana, hasa Uingereza, ni dispraksia. Tatizo hili linakadiriwa kuwapata watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wenye umri wa kwenda shule; kwa darasa la wanafunzi 50, hao ni wawili au watatu. Wavulana hutambuliwa zaidi kuliko wasichana, na waliozaliwa kabla ya miezi kutimia au wakiwa na uzito mdogo wamo hatarini zaidi. Karibu nusu yao wana pia shida ya kutulia na kuweka umakini. Zamani hata vitabu vya udaktari viliwapa watoto hawa majina yaliyokaribia kuwa matusi. Ni mwaka 1994, wataalamu walipokutana mjini London katika jimbo la Ontario, Kanada, ndipo walipokubaliana kutumia jina moja lenye heshima.

Kiini cha tatizo ni namna ubongo unavyopanga na kuongoza mwendo. Kwa watu wengi, tendo likirudiwa mara za kutosha huwa mazoea: mkono hulifanya wenyewe na akili hubaki huru. Mtoto mwingine hufunga kamba za viatu huku akisimulia mechi ya jana. Mtoto mzito wa viungo akishika kamba hunyamaza, hubana midomo, hutazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine, na akisemeshwa katikati hulazimika kuanza upya. Kila tendo dogo humgharimu umakini ambao wenzake wameuweka akiba kwa mambo mengine. Ndiyo maana jioni huwa amechoka kuliko ndugu zake ingawa hakulima wala hakucheza mpira.

Jambo moja lisichanganywe na hali hii. Dispraksia huwapo tangu utotoni na haiji ghafla. Mtoto aliyekuwa akiandika vizuri akaanza kushindwa, aliyekuwa akikimbia akaanza kuanguka, au ambaye upande mmoja wa mwili unalegea, apelekwe hospitali haraka, kwa sababu hapo pana ugonjwa mwingine. Na mtoto yeyote anayeonekana mzito apimwe macho kwanza. Asiyeona ubao vizuri naye huandika vibaya, na miwani humaliza shida yake.

Wazazi wengi huambiwa kwamba mtoto ataacha akikua. Wengi hawaachi, huingia nayo ujanani na hata utu uzimani. Kinachobadilika ni kwamba hujifunza kufanya hili na lile, moja baada ya jingine, wakifundishwa polepole na kurudia zaidi ya wenzao. Basi suala si kungoja umri upite. Suala ni kujua ni mambo gani yatahitajika lini. Na hakuna wakati mambo mapya yanapokuja kwa wingi kama Januari ya kidato cha kwanza.

Magongo yasiyoonekana

Katika shule za serikali za Tanzania Bara, mtoto anayesoma kwa utaratibu wa miaka saba hufanya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi mwezi Septemba na kuanza sekondari Januari inayofuata. Kwa wanaosoma chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi imepunguzwa kuwa miaka sita, kwa hiyo wataufikia mlango huo wakiwa wadogo zaidi kwa mwaka mzima. Nchini Kenya, tangu Januari 2023, watoto wa Gredi ya 7 hadi ya 9 hubaki katika viwanja vya shule ya msingi na huhama wanapoingia Gredi ya 10. Huko masomo hubadilika mapema lakini geti la shule hubaki lilelile, na kwa mtoto mzito wa viungo hiyo ni nafuu kubwa.

Nafuu hiyo hutokana na jambo ambalo hata mzazi halioni. Kwa miaka yote ya shule ya msingi, mtoto huwa amejengewa magongo pande zote. Mwalimu wa darasa la nne aliacha kumwita ubaoni. Jirani yake wa dawati humwachia daftari anakili wakati wa mapumziko. Mama humfunga tai Jumatatu asubuhi. Mwenye duka jirani na shule humtilia chenji mfukoni. Hakuna aliyekaa kikao kupanga haya. Yamejijenga yenyewe kidogo kidogo, na kwa kuwa yapo, mtoto huonekana hana shida kubwa. Siku ya kuripoti kidato cha kwanza magongo yote huondolewa kwa mara moja.

Mtihani wenyewe wa darasa la saba husaidia kuificha shida. Maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu, na mtahiniwa husiliba kiduara kwenye fomu inayosomwa na mashine. Kusiliba nako ni kazi kwa mkono usiotulia: penseli huvuka mstari, ufutio hutoboa karatasi. Lakini mtoto aliyefanya mazoezi ya kutosha huweza, na kama ana akili nzuri hupata alama nzuri. Anaingia sekondari na matokeo yanayopendeza, na hakuna popote palipoandikwa kwamba hawezi kujaza ukurasa mmoja kwa nusu saa. Muhula wa kwanza alama zikiporomoka, walimu wapya humwona mtoto mwerevu aliyeanza uvivu.

Vitabu vya Ulaya vinavyozungumzia mabadiliko haya huonya zaidi kuhusu kuhamahama, kwa sababu kule mwanafunzi wa sekondari hubeba begi lake kutoka chumba hadi chumba kwa kila somo na hupotea njiani. Katika shule nyingi za Afrika Mashariki mwalimu ndiye anayekuja darasani. Mzazi wa Singida au Lindi anayesoma maonyo hayo anaweza kudhani mtoto wake amenusurika. Uzito upo, ila umekaa kwingine: kwenye daftari, kwenye sare, kwenye jembe na ndoo, na barabarani.

Daftari na ubao

Darasa la saba mtoto alinakili kwa Kiswahili. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na jambo hilo lilikuwa msaada mkubwa kwake bila yeye kujua. Akitazama ubaoni neno "usanisinuru", hulitamka kimoyomoyo silabi sita, huinamisha kichwa na kuliandika lote. Kidato cha kwanza somo ni lile lile, lakini ubaoni pameandikwa "photosynthesis". Herufi ni 14, na sauti haimwongozi. Hutazama ubao, huandika nne, hupoteza mstari, hutazama tena, huutafuta, huandika tatu. Kwa neno moja kichwa kimepanda na kushuka mara nne. Wenzake nao wanahangaika na Kiingereza, lakini mikono yao inajiendesha; yeye analazimika kuiongoza mikono na lugha kwa wakati mmoja. Mwalimu akifuta ubao, wengine wamebakiza mistari miwili. Yeye amebakiza nusu ya ubao.

Hapo ndipo wanafunzi wengi wa namna hii wanapoanza kuachwa nyuma, na si kwa sababu hawakuelewa. Mara nyingi hawakupata nafasi ya kusikiliza. Aliyetumia kipindi kizima kuchora herufi hakusikia maelezo, na jioni hana notsi kamili za kujisomea. Shule ikiweza kufanya jambo moja tu kwa mtoto huyu, iwe hili: apewe notsi zilizokwisha kuandikwa. Zinaweza kuwa nakala ya mwalimu iliyotolewa fotokopi, au kaunta buku ya mwanafunzi mwenye mwandiko safi inayopelekwa steshenari kutolewa nakala mara moja kwa wiki. Mwanafunzi huyo aambiwe sababu, kwa idhini ya mwenye shida, ili asidhani anatumiwa na mvivu. Darasani mtoto aandike vichwa vya habari na maneno makuu tu, kisha asikilize.

Yako na madogo yanayosaidia. Kukaa mbele, uso ukielekea ubao moja kwa moja, hupunguza safari ya macho. Dawati lisilotikisika, ambalo miguu inafika chini, huupa mkono utulivu. Mtoto ambaye miguu yake inaning'inia hutumia nguvu kujishikilia kabla hajaandika neno. Kalamu nene huvishikisha vidole vizuri kuliko nyembamba, na kalamu nyembamba hunenepeshwa kwa kuizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli. Daftari la kila somo lipewe jalada la rangi yake. Mwenye masomo tisa na mikono mizito akipekua begi zima kutafuta la Jiografia, kipindi kimeshaanza.

Hisabati huleta mkebe. Ndani yake mna bikari, kipimapembe, rula na vipembe viwili, na kila kimoja kinataka mikono miwili ifanye kazi tofauti kwa wakati mmoja. Mtazame anayechora duara. Mkono wa kushoto unatakiwa kushikilia karatasi kwa wepesi, wa kulia uzungushe bikari kwa kukandamiza sindano na kulegeza penseli. Kwake mikono yote miwili hukandamiza. Sindano huteleza, karatasi huchanika, duara huishia kuwa yai, na jibu la swali lenye kutaka kupima pembe ndani ya duara hilo haliwezi tena kuwa sahihi hata kama kanuni anaijua. Kipande cha boksi chini ya karatasi huishika sindano. Penseli fupi hutii kuliko ndefu. Rula iliyogundishwa kipande cha tyubu upande wa chini haitelezi. Vifaa hivi havigharimu hata shilingi elfu moja, na vinaokoa alama nyingi.

Maabara inataka tahadhari zaidi. Kumimina tindikali kutoka chupa hadi silinda ya kupimia, kufungua bomba la bureti tone kwa tone, kuwasha taa ya spiriti: haya si mambo ya kumwachia mtoto ajaribu mwenyewe siku ya kwanza. Lakini kumfanya mtazamaji wa kudumu ni kosa pia, kwa sababu mtihani wa vitendo wa kidato cha nne utamkuta peke yake mbele ya meza. Njia nzuri ni kumfundisha kwa maji kabla ya kemikali, akiwa amesimama, kifaa kimoja kwa siku moja, hadi mkono uzoee.

Sare, jembe na ndoo

Fomu ya kujiunga ikifika nyumbani, mzazi husoma ili ajue gharama. Mzazi wa mtoto huyu aisome mara ya pili akijiuliza kwa kila kifaa: mkono wake utakiweza? Shati la vifungo, tai, viatu vyeusi vya kamba, kufuli la tranka, ndoo, jembe, fyekeo. Kila kimoja ni somo.

Tai inaweza kufungwa mara moja na isifunguliwe tena, ikawa inalegezwa na kuvuliwa kichwani. Tundu za vifungo vipya huwa ngumu; fundi azipanue kidogo. Viatu vyeusi vya kubandika vipo, na shule nyingi zitavikubali zikielezwa mapema. Ukishindikana mpango huo, kamba za mpira zinazovutika hukaa kwenye kiatu zikiwa zimeshafungwa. Hakuna ubaya wowote katika kumpunguzia mtoto tendo lisilo la lazima ili nguvu zake ziende kwenye yale ya lazima.

Jembe na fyekeo ni habari nyingine. Wanafunzi 20 wakifyeka nyasi kwa safu, kila mmoja akipeperusha chuma chenye makali, mtoto ambaye hana hakika mkono wake utaishia wapi ni hatari kwake na kwa jirani yake. Mwalimu wa zamu ampe kumwagilia bustani, kukusanya majani, kugawa na kuhesabu vifaa. Kazi iwe kazi kweli, isiwe kukaa kivulini, maana wenzake wakiona anasamehewa watamchukia, na yeye mwenyewe anataka kuhesabiwa miongoni mwao. Kuhusu maji, ndoo ijazwe nusu, iwe na mfuniko, na aende safari mbili.

Njiani pia pana jambo. Wanafunzi wengi wa shule za kata hutembea umbali mrefu kuliko walivyozoea, na huvuka barabara ambazo shule ya msingi ya jirani haikuwalazimu kuvuka. Watoto wenye tatizo hili hupata taabu kukadiria kasi ya chombo kinachokuja. Bodaboda inayoonekana mbali huwa imeshafika. Kwenye daladala, ngazi huwa juu, konda anapiga kelele, gari linaondoka kabla mguu wa pili haujapanda. Njia hiyo ipitwe na mzazi na mtoto mara kadhaa kabla ya Januari, saa ileile ya asubuhi, wakichagua mahali pa kuvukia na kituo kisicho na msukumano mkubwa.

Bwenini, aombewe kitanda cha chini. Ngazi ya kitanda cha ghorofa gizani, saa kumi na moja alfajiri kengele ikilia, imeangusha hata wenye viungo vyepesi. Foleni ya chakula nayo ina shida zake: sahani ya ugali mkono mmoja, bakuli la maharage mkono mwingine, na watu wanapita kwa kasi. Bakuli moja lenye kina, linalochukua vyote viwili, huondoa tatizo lote.

Umri wenyewe huongeza uzito. Mtoto wa miaka 13 au 14 hurefuka ghafla. Mikono na miguu aliyokuwa ameanza kuizoea hubadilika urefu, na aliyokuwa akiyaweza mwaka jana huweza kumshinda mwaka huu kwa muda. Msichana huanza hedhi, au huwa ameshaanza. Kuweka pedi vizuri, kuibadilisha kwenye choo chembamba kisicho na mahali pa kuweka begi, kufunga na kutupa, ni matendo ya vidole yanayofanywa kwa haraka na kwa aibu. Mama, shangazi au dada afanye naye mazoezi nyumbani, bila haraka, mpaka aweze peke yake. Nguo za ndani zenye vifungo vya ziada na mikanda migumu ziachwe.

Michezo hutonesha vidonda vya zamani. Viongozi wa timu wakichagua mmoja mmoja, yeye hubaki wa mwisho, na kila mtu uwanjani anaona. Baada ya muda huanza kuumwa tumbo kila siku ya michezo. Anayekwepa kucheza hupungukiwa nguvu na pumzi, na mwili ukidhoofika uratibu nao huzidi kuwa mgumu. Mwalimu wa michezo awagawe wachezaji kwa kuhesabu moja, mbili, moja, mbili. Mtoto atafutiwe mchezo usiotegemea kudaka wala kulenga: mbio ndefu, kuogelea palipo na maji salama, kutembea milimani. Katika mbio ndefu wapo waliogundua kwamba wanaweza kuvumilia kuliko wenzao, kwa kuwa kuvumilia ndilo jambo walilolifanya maisha yao yote.

Miezi minne

Kati ya Septemba na Januari kuna karibu miezi minne. Kwa familia nyingi muda huo hujazwa na tuisheni ya kujiandaa na sekondari, ile iitwayo prifomu wani, asubuhi hadi jioni. Kwa mtoto mzito wa viungo, kumjaza Kiingereza na Hisabati siku nzima ni kuupoteza wakati wa thamani kuliko wote alioupata. Nusu siku ya tuisheni inatosha. Nusu nyingine iwe ya mikono.

Namna ya kufundisha ina uzito wake. Zamani ilidhaniwa kwamba mazoezi ya jumla, kama kusimama kwa mguu mmoja au kutembea juu ya mstari, yangemfanya mtoto awe mwepesi kwa kila kitu. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba njia inayofaa zaidi ni kufundisha tendo lenyewe linalohitajika. Anayetaka kujua kufunga kamba afundishwe kufunga kamba. Njia mojawapo inayoheshimika ilibuniwa Kanada na Helene Polatajko pamoja na wenzake, na inasimama juu ya maneno manne: lengo, mpango, tenda, kagua. Mtoto mwenyewe huchagua lengo, hutunga mpango, hujaribu, kisha huangalia mpango umefaulu au umekwama wapi. Mtu mzima huuliza tu.

Uulizaji huo ni mgumu kuliko unavyosikika. Mama akiona kamba imefunguka, mkono wake unataka kuifunga. Ajizuie, aulize: "Mwanangu, mpango wako ulikuwaje?" Mtoto hutazama kiatu. "Nilitengeneza kitanzi, mama, halafu nikazungusha." "Kitanzi kilikuwa na ukubwa gani?" Kimya kidogo. "Kikubwa. Kimelegea." "Sasa mpango mpya ni upi?" Jaribio linalofuata huwa na kitanzi kidogo, na hata likishindwa, mtoto amegundua mwenyewe kosa liko wapi. Tendo alilogundua kwa akili yake hulikumbuka; alilofanyiwa hulisahau.

Dakika 15 kwa siku kwa tendo moja hutosha. Saa mbili huleta machozi. Oktoba inaweza kuwa ya sare: avae yote kila asubuhi hata kama haendi popote, na saa iangaliwe. Novemba ya mkebe na kalamu. Desemba, fomu ya kujiunga ikishapatikana, ya njia, ndoo, kufuli na kufua. Shule ikiwa karibu, aipitie kabla watu hawajajaa: choo kiko wapi, maji yako wapi, ngazi zina ukingo au hazina. Mwenye kompyuta nyumbani au kwa jamaa aanze pia kufundishwa kuchapa, kwa kuwa mwandiko wake huenda usifikie kasi ya wenzake, na kuchapa ni stadi itakayomfaa chuoni na kazini.

Barua kwa mkuu wa shule

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi anamjua mtoto kwa miaka saba. Mkuu wa shule ya sekondari atamwona kwa mara ya kwanza kati ya mamia. Kati ya wawili hawa mara nyingi hakuna karatasi yoyote inayopita isipokuwa matokeo ya mtihani. Mzazi ndiye daraja. Aandike barua ya ukurasa mmoja, si zaidi, kwa sababu barua ndefu haisomwi wiki ya kwanza ya Januari. Iseme shida ni nini kwa maneno ya kawaida, mtoto anaweza nini vizuri, matendo matatu yanayomshinda zaidi, na mambo matatu anayoombewa. Mwalimu wa darasa la saba akikubali kuongeza aya moja na kutia sahihi, barua hupata nguvu mara mbili. Ipelekwe kwa mkono, na nakala zikabidhiwe kwa mwalimu wa darasa na mwalimu wa ushauri na unasihi.

Taarifa ya mtaalamu ikipatikana iambatishwe. Hospitali kubwa zina wataalamu wa utengamao wanaofundisha watu kuzimudu shughuli za kila siku. Hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa ikiwaandaa kwa miaka mingi, ingawa bado ni wachache mno ukilinganisha na mahitaji. Ngazi ya halmashauri, afisa anayeshughulikia elimu maalumu ndiye wa kuulizwa, na walimu waliosomea Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu mkoani Arusha, wametawanyika katika shule nyingi. Nchini Kenya vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu vipo tangu 1984. Haki yenyewe ipo kisheria: Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi uliopangwa kuanzia 2021/22.

Barua hiyo huzuia pia fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko zilizorekebishwa mwaka 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, vinakiliwe kwenye kitabu, na viwe kwa makosa makubwa ya nidhamu. Mwandiko mbaya si kosa la nidhamu. Kuchelewa kumaliza kunakili si kosa la nidhamu. Shati lililochomoka na kamba iliyofunguka ni dalili za hali aliyozaliwa nayo, na kumchapa mtoto kwa hizo ni kumdhulumu.

Wiki za mwanzo za kidato cha kwanza shule nyingi hutoa kozi ya Kiingereza kabla ya masomo kamili. Huo ndio wakati bora wa mwalimu wa darasa kumtazama mtoto akiandika, kukaa, kutembea na kucheza, kisha kuzungumza na wenzake wanaomfundisha. Baada ya hapo ratiba huwa nzito na kila mwalimu huwa ameshatoa hukumu yake. Mzazi naye arudi shuleni mwezi Machi, kabla ya mitihani ya kwanza, aulize kinachokwama, maana mtoto mwenyewe hatasema. Amezoea kuona aibu.

Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili huandikwa kwa mkono, na asiyefikia kiwango hukariri darasa. Kila msimu wa mitihani, Baraza la Mitihani la Tanzania huwataka wasimamizi wawape watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa nyongeza: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Utaratibu huo umezoeleka zaidi kwa wenye uoni hafifu. Tatizo la viungo lisiloonekana kwa macho halitafikiriwa na mtu yeyote kama shule haikulijua wala haina taarifa ya mtaalamu ya kuonyesha. Katika mtihani wa saa tatu nyongeza hiyo ni nusu saa, na katika Hisabati ni saa nzima. Mzazi aulizie muda huo kidato cha kwanza, siku anayopeleka barua.